Ziwa lilifika jikoni, mama mkwe hataki kuhama

BARUA

Habari za kazi, mshauri.

Mimi ni mjane wa miaka 38. Naishi Kibirizi hapa Kigoma na watoto wangu wawili, wa miaka 11 na 6, pamoja na mama mkwe. Nyumba aliijenga marehemu mume wangu mwaka 2012 kwenye kiwanja alichopewa na mama yake. Ina vyumba vitatu na sebule, mita tisa kwa sita. Msingi ni wa mawe, ila tofali za juu yake ni za udongo mbichi, plasta ya saruji imepigwa nje tu. Jiko liko uani na choo cha shimo kiko nyuma ya jiko. Kutoka kizingiti cha mlango wa mbele hadi maji yalipo leo ni hatua zangu sabini na kitu.

Sikuwa mtu wa kuliogopa ziwa, maana ndilo linalonilisha. Nanunua dagaa mwaloni alfajiri, naanika kwenye vichanja uani, nauza kwa wenye magari ya Kasulu na Tabora. Mwaka 2021 maji yalifika kwenye uzio, tukasema yatarudi, na yalirudi. Mwaka 2024 yaliingia jikoni yakakaa wiki sita. Nyumba kubwa hayakuingia, yaliishia kwenye mawe ya msingi. Lakini mpaka leo ukibonyeza tofali la safu ya kwanza upande wa ziwa kwa kidole gumba, linatoa unga kama ugoro. Choo kilijaa mpaka kwenye tundu, tukawa tunakwenda kwa jirani, na mama kwa magoti yake ilikuwa shughuli.

Halafu kuna korongo. Linashuka mlimani na kupita nyuma ya uzio wetu. Desemba iliyopita mvua ilinyesha usiku, tukasikia kama gari linashusha mawe. Maji mekundu yalipita uani kwa nusu saa hivi, yakaondoka na vichanja viwili na magunia matatu ya dagaa. Asubuhi tope lilifika kwenye vifundo vya miguu.

Sasa kikoba chetu kimevunjwa, nimepata shilingi 1,800,000. Fundi anasema kwa 1,450,000 atanyanyua sakafu ya nyumba nzima sentimita 30, kifusi chini na zege juu, maji hayataingia tena. Shemeji, mdogo wa marehemu, anasema huko ni kutupa pesa ziwani, tuuze tuhamie Gungu. Nimekwenda kuangalia: vyumba viwili ni 80,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi.

Mama mkwe hataki kusikia. Anasema, "Nilikuwa msichana wa miaka 12 ziwa lilipokuja mwaka 1964. Lilikaa likaondoka. Mwanangu nimemzika hapa, siwezi kumwachia maji." Ana presha, dawa anameza kila siku. Nampenda, ndiye aliyenishika mkono nilipofiwa. Lakini usiku mvua ikianza silali, nahesabu: nambeba nani kwanza?

Na shemeji naye namwogopa kidogo. Mwezi uliopita alileta watu wawili kuangalia kiwanja bila kutuambia. Karatasi ya kiwanja iko kwenye sanduku la mama, mirathi haijafunguliwa mahakamani. Naogopa tukihama miezi sita tutakuta pameshauzwa.

Mvua ziko mlangoni. Ninyanyue sakafu au nihame? Nikihama mama akikataa, nimwache?

Mama wa Dagaa, Kibirizi

MAJIBU

Mama wa Dagaa, dada yangu, pole kwa msiba uliokuachia nyumba ya kulinda, na hongera kwa barua iliyopimwa hatua kwa hatua. Watu wengi huandika "maji yanatusumbua" basi. Wewe umetaja msingi, tofali, choo na korongo.

Umeuliza swali moja, unyanyue sakafu au uhame. Nikiisoma barua yako naona maswali matatu yamefungwa kwenye kanga moja. Lipo la maji, lipo la mama, lipo la kiwanja. Shemeji amelifanya la kiwanja kuwa jibu la yale mengine mawili, na nadhani hapo ndipo usingizi wako ulipopotelea. Tuyafungue moja moja.

Nianze na maji, kwa sababu una maji ya aina mbili na hayafanani hata kidogo. Ya ziwa ni ya polepole. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie upande wa Kongo, na maji yake mengi huondoka kwa kukauka juani. Ndiyo maana hupanda taratibu na kushuka taratibu. Msimu wa kawaida wa mvua hulipandisha chini ya mita moja, kilele kikiwa Aprili au Mei, kisha linaanza kurudi. Ziwa linakupa wiki, hata miezi, ya kujipanga. Korongo linakupa dakika. Maandalizi ya moja hayakusaidii kwa jingine, na hela ya fundi wako ni ya ziwa peke yake. Yale magunia matatu ya dagaa hayakuchukuliwa na ziwa.

Sasa hiyo sakafu. Hesabu ya fundi si ya kubuni. Mita tisa kwa sita ni mita za mraba 54. Ukijaza sentimita 30 unahitaji kifusi mita za ujazo 16 na kidogo kilichoshindiliwa, yaani kama 20 kikiwa bado hakijashindiliwa: safari nne za lori la mita tano. Zege la sentimita saba na nusu juu yake, kwa mchanganyiko wa moja kwa tatu kwa sita, linakula mifuko 18 hadi 20 ya saruji. Kwa hiyo bei anayotaja inaingia akilini. Ninachotaka umuulize ni vitu vitatu ambavyo hukuvitaja, labda na yeye hakuvitaja.

Muulize kuta. Sakafu ikipanda, tofali la kwanza halipandi nalo, linabaki palepale lilipobonyea kwa kidole gumba chako. Tofali bichi likikaa ndani ya maji siku chache hurudi kuwa udongo, na plasta ya saruji iliyopigwa nje hulidanganya jicho: ukuta unaonekana mzima huku ndani umeshalainika, maana unyevu umefungiwa hauna pa kutokea. Halafu kifusi kikilowa huwa kizito na husukuma ukuta kwenda nje. Unaweza kupata sakafu kavu ndani ya nyumba inayopasuka pembeni. Njia ya kupunguza hatari ipo. Fundi anaweza kutoa tofali za safu tatu za chini kipande kwa kipande, kisichozidi mita moja kwa wakati mmoja huku ukuta ukiwa umeegemezwa, na kuweka za kuchoma zilizojengwa kwa saruji. Ni kazi ya subira, na ni gharama nyingine ambayo haimo kwenye ile 1,450,000.

Muulize milango. Mlango wa mita mbili na sentimita kumi ukipoteza 30 unabaki mita moja na themanini. Lenta, zile boriti za juu ya mlango, hazisogei zenyewe.

La tatu ni kwamba ziwa haliingii kwa mlango peke yake. Udongo wa ufukweni ni mchanga, na maji hupanda kutokea chini, hutokeza katikati ya sebule huku mlango ukiwa umezibwa vizuri. Karatasi nzito ya nailoni chini ya zege, iliyopandishwa ukutani, hupunguza unyevu lakini haizuii maji yanayosukuma kutoka chini. Kwa sababu hiyohiyo viroba vya mchanga upande wa ziwa havina kazi kubwa.

Sisemi usinyanyue. Kuna nyumba ambazo sentimita 30 zimeziokoa. Swali ni kama yako ni mojawapo, na hilo linapimika bila kubahatisha. Fundi yeyote ana ule mpira mweupe wa levo, ambao maji yake hukaa usawa mmoja kwenye ncha zote mbili. Ujazeni maji, mhakikishe hauna povu hata moja, maana povu moja hudanganya kwa sentimita kadhaa. Ncha moja ishikwe kwenye kizingiti, nyingine kwenye mti mlioukita upande wa ziwa. Mpira hautafika hatua sabini, kwa hiyo endeni kwa vituo vitatu au vinne na kujumlisha. Mwisho mtajua kizingiti kiko sentimita ngapi juu ya maji ya leo. Pimeni pia alama ya mwaka 2024 kwenye ukuta wa jiko. Fanyeni asubuhi ziwa likiwa limetulia.

Kisha kiteni mti wa pili majini, mahali ambapo mitumbwi haitaugonga, wenye alama kila sentimita tano. Mtoto wako wa miaka 11 anaweza kuwa mwandishi, mkubwa mmoja akiwa naye hapo majini: kila Jumamosi asubuhi, daftari, tarehe, namba. Tuseme kizingiti kiko sentimita 110 juu na ziwa linapanda tatu kwa wiki. Hapo hamna haraka, mna msimu. Ikiwa ni sentimita 60 na linapanda tano, jueni mna wiki kumi na mbili tu, tena toeni nafasi ya mawimbi, kwa sababu ziwa lililojaa likipigwa na upepo halisimami kwenye mstari wake. Kwa ukuta wa udongo, nusu mita ya tahadhari si woga.

Hapo ndipo kumbukumbu ya mama inapoingia, na naomba usiipuuze. Anasema kweli. Mvua za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilijaza maziwa mengi ya Afrika Mashariki, na Tanganyika lilifika kilele mwaka 1964 kisha likashuka. Alichokiona ndicho kilichotokea. Kuna mambo mawili tu ya kumuongezea kwa upole. Kwanza, kushuka kwake kulichukua miaka, na tofali bichi haliwezi kungoja miaka. Pili, 1964 si mwisho wa uwezo wa ziwa. Miaka ya 1870, mdomo wa Lukuga ukiwa umeziba, lilipanda mita kadhaa kuliko lilivyo leo kabla ya kupasua njia. Nendeni siku moja Ujiji kwenye mnara wa Livingstone. Alipokutana na Stanley mwaka 1871 maji yalikuwa jirani na hapo, leo ni mwendo wa miguu. Ziwa hilo hurudi pande zote mbili.

Ila najiuliza kama mama anabishana nawe juu ya ziwa hasa. Sikiliza tena maneno yake: "siwezi kumwachia maji." Hayo ni maneno ya kaburi. Ukimjibu kwa sentimita hujamjibu. Huenda kinachowezekana kuzungumzwa ni kaburi lenyewe: liko juu au chini ya kizingiti? Linaweza kujengewa kwa mawe na saruji kabla ya mvua? Akihama msimu mmoja, nani atakuja kulifagia, na siku gani? Mkilipa kaburi ratiba, pengine na yeye atakubali kupewa ratiba. Pengine hatakubali. Lakini mtakuwa mnazungumza jambo lilelile.

Na kuhama kwenyewe, je, lazima kuwe kwa moja kwa moja? Shemeji anasema uza, mama anasema kaa, na wewe umejikuta unachagua kati ya hayo mawili. Katikati pana njia. Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kuishia mwanzoni mwa Mei. Miezi sita ya Gungu ni 480,000. Ongeza gharama ambayo barua yako haikuihesabu: bodaboda ya alfajiri kwenda mwaloni na kurudi, siku ishirini na tano kwa mwezi. Muulize bei dereva wa kijiweni, zidisha mara mbili, zidisha ishirini na tano, utashangaa; inaweza kukaribia kodi yenyewe. Tena vichanja utaviweka wapi? Mwenye nyumba wa Gungu atakubali harufu ya dagaa? Ukihama na biashara ikafa, umeikimbia hatari moja na kuingia nyingine. Lakini chumba kimoja tu cha shilingi 40,000, cha watoto na mama kulala kuanzia Februari mpaka Mei ziwa linapokuwa juu, nacho ni njia. Wenye nyumba huzungumza, hasa ukilipa miezi mitatu taslimu. Ubaya wake ni kwamba familia inagawanyika na wewe unabaki kulala peke yako karibu na korongo.

Kwa kiwanja nitakuwa mkavu kidogo. Kuhama kwa muda si kuuza, na mtu hawezi kuuza kisicho chake kwa sababu mlango umefungwa. Ila karatasi iliyo sandukuni na mirathi isiyofunguliwa ni nafasi kwa yeyote mwenye haraka. Kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe na kusainiwa, apendekezwe msimamizi, kisha shauri lipelekwe Mahakama ya Mwanzo. Kiwanja kilitoka kwa mama, kwa hiyo ijulikane pia kama alimpa mwanawe moja kwa moja au alimpa mahali pa kujenga tu. Jibu la hilo linabadilisha mengi. Mkiamua kuondoka hata mwezi mmoja, andikeni barua kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba mnapisha maji na mtarudi, mbaki na nakala yenye muhuri. Simhukumu shemeji. Huenda ana hofu ya kweli juu ya mama yake, na waliokuja kuangalia walikuwa marafiki wa kutoa ushauri. Muulize mbele ya mama, kwa sauti ya kawaida.

Kabla hujamwaga hata ndoo moja ya kifusi, pita pia ofisi ya mtaa au manispaa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hatua sabini zako wakati ziwa limeshuka zinaweza kuwa thelathini mwezi wa Aprili. Ni bora kuulizwa leo kuliko kusimamishwa zege likiwa bichi.

Sasa korongo, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uwezo wa kuua mtu nyumbani kwako. Hapa viroba vina kazi. Chukua viroba vya kilo 50, jaza nusu tu, usivishibishe. Kilichoshiba kinakuwa duara na kuacha matundu. Kunja mdomo, uulaze chini ya kiroba ukielekea mkondo unakotoka, panga kama tofali zinavyopishana, kisha kanyaga. Ukuta wa mita nane, safu mbili kwenda juu, chini ukiwa na mistari miwili, unataka viroba 45 hivi. Usiujenge kulikabili korongo kifua kwa kifua. Ujenge mshazari, uyaelekeze maji kwenye mfereji wa upana wa sentimita 60 na kina cha 45, na uhakikishe mfereji haumwagi kwa jirani, maana hapo utakuwa umenunua kesi. Kabla ya hayo yote, pandeni na majirani mtazame kalvati na vichaka vya juu. Ule mvumo mliousikia kama gari linashusha mawe mara nyingi ni taka zilizoziba, maji yakajikusanya, kisha yakaachia kwa mkupuo.

Na ule usiku wenyewe? Njia ni kupanda upande, mbali na mkondo, wala msikimbie kuufuata kwenda chini. Chagueni nyumba moja ya juu, ombeni ruhusa mapema, mtembee mchana na mama, kwa saa mkononi. Kama ni dakika kumi na mbili kwa magoti yake, basi hamwezi kusubiri maji yaingie uani ndipo muondoke. Mtaondoka mvua ikizidi au mkisikia mlio. Kile kitendawili chako cha nani abebwe kwanza kinapungua makali hapo. Wa miaka 11 anamshika bibi mkono na kubeba tochi, wa miaka sita anafungwa mgongoni kwako kwa kanga mbili. Mama alale chumba kilicho karibu na mlango wa upande wa mlima. Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini humwangusha mtu mzima, na ya kifundo humwangusha mtoto, kwa hiyo msiyavuke hata kama ng'ambo pako karibu. Sikilizeni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakisema "angalizo", tazameni njia na tochi. Wakisema "tahadhari", laleni na viatu pembeni. Wakisema "tahadhari kubwa", kalaleni juu. Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi 112.

Vitu vya kubeba visikuzidi nguvu. Nimeona orodha nyingi zinazotaka maji ya siku tatu kwa kila mtu. Kwa watu wanne, lita tatu kila mmoja kwa siku, hizo ni lita 36, madumu mawili, kilo arobaini. Utayabeba na mtoto mgongoni? Peleka madumu hayo mapema kwenye nyumba ya juu, ubadilishe maji kila baada ya miezi michache. Nyumbani tafuta ndoo tupu ya rangi ya lita 20, ile yenye mfuniko wa kubana, maana inaelea na haiingizi maji. Weka humo vitambulisho, vyeti vya watoto, karatasi ya kiwanja ikiwa imefungwa kwenye nailoni mara mbili, dawa za presha za wiki mbili na kadi ya kliniki ya mama, tochi, kiberiti kwenye kichupa, pakiti sita za chumvi ya kuongeza maji mwilini, vidonge vya kutibu maji, pesa ndogondogo za noti. Piga picha ya kila karatasi na umtumie ndugu wa mbali. Dawa za mama zisikae humo mpaka zipitwe na muda. Akichukua mpya, za ndoo zinaliwa, mpya zinaingia.

Choo kitakuarifu kabla ya mlango. Sakafu ya shimo inatakiwa iwe mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Chako kilipojaa ulikuwa unaona ziwa limekuja kwa njia ya chini. Mwaka huu, ukiona maji yanapanda shimoni, acheni kukitumia siku hiyohiyo, fukieni tundu, mtumie ndoo yenye mfuniko na majivu mpaka mpate choo cha jirani wa juu. Maji ya kisima au ya ziwa jirani na choo kilichofurika ndiyo njia ya kipindupindu. Yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe mpaka yatokote kwa dakika nzima, au tumia vidonge na usubiri dakika 30. Vingi vinavyouzwa ni kidonge kimoja kwa ndoo ya lita 20, lakini soma pakiti, vipo vya vipimo tofauti. Ile chumvi ya kuongeza maji mwilini ni pakiti moja kwa lita moja ya maji, isizidi wala isipungue.

Umeme uzimeni kwenye meni swichi maji yakiwa bado nje. Ukishasimama ndani ya maji, usiiguse. Maji yakiondoka, fundi akague soketi kabla ya kuwasha. Jiko la mkaa msiliingize chumbani kwa sababu ya mvua, moshi wake usioonekana unaua watu wamelala. Na watoto wasicheze kwenye maji yaliyosogea uani: kichocho kiko humo, na ziwa letu lina mamba.

Magunia ya dagaa nayo yatafutiwe pa kukimbilia. Vichanja viwe upande usio wa korongo, na yaliyokauka yasilale uani. Uchaga ndani ya nyumba, mita moja kutoka sakafuni, utatosha magunia matano. Kwa mbao na misumari ni sehemu ndogo tu ya ile 1,450,000, na ukiamua kuhama unaubomoa na kwenda nao.

Kama utaniuliza ni kitu gani kinachoweza kufanyika wiki hii bila kufunga mlango wowote kati ya ile uliyoitaja, ni mpira wa levo na mti wa alama. Namba zitakazotoka humo zinaweza kukupeleka kwa fundi, au Gungu, au zikakubakiza hapo msimu mmoja zaidi ukiwa na mpango. Kaeni na mama mkubaliane mapema alama ipi kwenye ule mti ndiyo ya kuanza kufungasha, na ipi ndiyo ya kuondoka, iandikwe kwa rangi nyekundu jua likiwa linawaka na watu wana akili tulivu. Akikataa alama yako, muulize yake iko wapi. Amelijua ziwa hili kwa zaidi ya miaka sitini; anaweza kuiweka chini kuliko unavyodhani.

Siku ya kupima, watoto washike mpira katikati usiguse miiba, fundi akae upande wa maji, na ncha ya kwenye kizingiti mpe mama ashike, umwekee kiti.